Wasifu wa Baba Usiishie Msibani

Msibani husomwa wasifu: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma hapa, akafanya kazi pale, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Dakika tatu, basi. Kama baba yako alikuwa mtu wa kazi na safari, mmoja wa vijana walioaga kijijini wakaenda kujenga reli ya TAZARA, wasifu huo haumtoshi. Mwandikie mwingine, kwa utulivu. Fuata mbinu hizi.

1. Eleza kazi, sifa zitajileta. "Alikuwa mchapakazi" husemwa kwa kila marehemu. Mjukuu anataka kujua babu aliamka saa ngapi, alishika sururu au nyundo, kambini walikula nini, na mshahara ulifikaje nyumbani. Ukiyaeleza hayo, uchapakazi utaonekana wenyewe.

2. Watafute aliofanya nao kazi. Mama anamjua baba wa nyumbani. Wenzake wa kambini wanamjua mwingine. Nenda kwa heshima: "Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa fulani, mliyekuwa naye Mlimba." Usiulize baba alikuwa mtu wa namna gani, maana utajibiwa "mtu mzuri sana" na mazungumzo yataishia hapo. Uliza: "Mvua ikiwakuta kazini, mlifanyaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Omba ruhusa ya kumrekodi kwa simu, na mwanzoni mwa sauti taja jina lake, mahali na tarehe.

3. Tafuta miaka kwa matukio. Wazee wengi husahau tarehe lakini hawasahau mambo. Azimio la Arusha lilikuwa 1967, Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, na Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 1999. Uliza: "Hiyo ilikuwa kabla ya vita au baada?" Reli yenyewe, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Mzee akikusimulia madaraja na mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako, sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote, umeshapata mahali na mwaka unakaribia.

4. Fungua sanduku lake. Tafuta kitambulisho cha kazi, leseni, barua na stakabadhi za posta. Kila picha igeuze: huenda nyuma pana mhuri wa studio, jina la mji au mwandiko wake. Kijana aliyesimama wima studio Mbeya, suruali ya bugaluu na viatu vinang'aa, anakuonyesha alikofika na alivyotaka watu wa nyumbani wamwone. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, kabla mchwa na unyevu havijaiwahi.

5. Andika na pengo aliloacha. Msafiri hukosekana nyumbani. Mama alilima peke yake, na pengine mtoto alizaliwa baba hayupo. Yaseme hayo kwa adabu, kwani safari yake ililipiwa na wengi. Jambo linaloweza kumuumiza aliye hai, mwulize kwanza. Masimulizi mawili yakipingana, yaandike yote na utaje kila moja limetoka kwa nani.

6. Gawa nakala. Kurasa 20 zilizochapwa na kubanwa vizuri zinatosha. Kila mtoto apate yake, na moja ibaki kijijini. Siku ya kumbukumbu, iwe hitima au ibada, wasomeeni wajukuu sehemu moja kwa sauti.

Vijana walioingia kwenye ujenzi wa reli ile wakiwa na miaka 20 sasa wamevuka 70, na kila mwaka wanapungua. Usingoje likizo ya Desemba. Mpigie mmoja wao wiki hii, umsalimie, umwombe siku ya kukaa naye.