Peremende Yenye Maneno Manne

Msomaji mpenzi, usicheke ukiona makala ya Chama cha Kiswahili yakianza na katuni ya Wamarekani. Katuni hiyo ndiyo iliyotugawanya wanachama mafungu mawili muhula wa kwanza, na chanzo cha ugomvi kilikuwa tafsiri ya sentensi moja tu.

Katuni yenyewe inaitwa Futurama. Ilibuniwa na Matt Groening, yule yule wa The Simpsons, na ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 28 Machi 1999. Mhusika mkuu, Fry, ni kijana mpeleka piza aliyegandishwa kwa baridi usiku wa kuamkia mwaka 2000, akaja kuamka baada ya miaka elfu moja. Anaajiriwa na kampuni ya kusafirisha mizigo angani pamoja na Leela, nahodha mwenye jicho moja, na Bender, roboti mlevi, mwizi na mwenye maringo. Kipindi ninachokizungumzia ni "Love and Rocket", kilichotoka tarehe 10 Februari 2002, siku nne kabla ya Siku ya Wapendanao. Mimi nilikitazama Bungoma kwa shangazi, likizo ya Desemba, katika kompyuta ya binamu yangu. Huyo anavyo vipindi vya Futurama kama watu wengine walivyo na nyimbo za injili.

Kisa ni hiki. Kampuni inapata kazi ya kupeleka peremende za Siku ya Wapendanao, zile ndogo zenye umbo la moyo na maneno ya mapenzi yaliyopigwa chapa juu yake. (Sisi tunazo leso, na jina la leso husema mengi kuliko peremende, lakini hayo tuyaache.) Chombo chao cha angani kinatiwa akili mpya na sauti ya kike, sauti ya mwigizaji Sigourney Weaver. Bender anamtongoza. Kwa muda mfupi tu wanapendana, kisha Bender anachoka na kuanza kutafuta wengine. Peremende nazo zinafikishwa kwa mfalme wa sayari ya mbali. Anazionja, anaona ni chaki tupu, anawafukuza kwa makombora. Katikati ya mbio hizo Bender anaona ndio wakati mzuri wa kumwambia mpenzi wake kwamba yamekwisha!

Hapo mpenzi anapandwa na wazimu. Anageuza mwendo kuelekea kwasari, yaani kiini cha galaksi chenye mwanga na joto lisilokadirika, ili yeye na Bender wayeyuke wawe kitu kimoja milele. Anawafungia waliomo hewa ya oksijeni. Wanafilamu watakumbuka kompyuta HAL ya filamu ya 2001: A Space Odyssey iliyotoka mwaka 1968, maana ndiyo inayochezewa shere hapa. Leela anakwenda kuzima akili ya chombo, na mtungi wake wa hewa unakaribia kwisha bila yeye kujua. Fry, ambaye kipindi kizima amekuwa akipekua peremende moja moja akitafuta yenye maneno ya kumfaa Leela, anauunganisha mtungi wake na wa Leela, kimya kimya, kisha anaanguka. Leela anamaliza kazi, anarudi, anamkuta hivyo, anamzindua. Fry anakohoa, na mdomoni inatoka peremende. Ina maneno manne ya Kiingereza, herufi 18 tu kwa sababu neno la kwanza limefupishwa likawa herufi moja, na maana yake ni kwamba wewe umeniacha mimi bila pumzi.

Sasa tuingie darasani. Umeona jinsi nilivyosimulia? Nilianza na "chombo kinatiwa akili", kisha bila kukusudia nikasema Bender "anamtongoza", mpenzi "anapandwa na wazimu". Binamu yangu ndiye aliyenishika kwa hilo. Vitabuni tunafundishwa kwamba tashihisi ni kukipa kitu kisicho na uhai sifa za binadamu, tunakariri, tunapata alama mbili. Lakini Kiswahili kinakudai zaidi ya hapo. Lazima uamue ni lini KI inakuwa A, na ukishaamua umeshatoa hukumu. Ukisema "kiliwafungia hewa", umesema mashine iliharibika, tafuteni fundi. Ukisema "aliwafungia hewa", umesema kuna mtu aliyetenda, na mtu huulizwa kwa nini. Wenzangu wa Bungoma walishikilia KI mwanzo hadi mwisho. "Si ni mtambo tu, bwana!" Nyanya yangu, Kukhu, aliyekuwa akichambua mboga huku akitafsiriwa kidogo kidogo, aliuliza: "Mbona mlimpa roho, halafu mkamzima?" Hakuna aliyemjibu.

Niliporudi Kitale nilikileta kisa hiki chamani, Ijumaa ya kabla ya Siku ya Wapendanao. Mji wote ulikuwa na maua ya karatasi madukani, ingawa waridi zenyewe hulimwa hapa hapa Endebess, zikapandishwa ndege kwenda Ulaya. Nilisimulia kwa mikogo kama DJ Afro. Watu walicheka, hasa pale chombo kinapotaka kuyeyuka na Bender. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili hakucheka. Mlezi wa chama alipomuuliza akasema, "Maneno hayo, kwamba tukikosana tufe wote, jirani yetu aliambiwa hivyo hivyo." Hakuongeza neno, na sisi hatukumwuliza.

Tangu hapo nimekitazama kipindi kile mara mbili zaidi, na naona waandishi wake hawakutia hewa mle kwa bahati tu. Wapenzi wawili wamewekwa mbele yetu, na wote wawili wanashika kitu kimoja: pumzi. Mmoja anasema nakupenda, kisha anawanyima watu pumzi. Mwingine hajapata neno la kusema, na anaitoa yake. Hapa Kenya tunawajua wa aina ya kwanza. Tarehe 27 Januari 2024 watu waliandamana katika miji kadhaa kupinga mauaji ya wanawake, na tarehe 14 Februari mwaka huo huo mamia walikusanyika Nairobi kuwaomboleza waliouawa. Siku hiyo wakaiita Valentaini ya Giza. Hiyo haimaanishi kwamba katuni isichekwe. Mimi bado nacheka. Ila najua sasa ninacheka wapi.

Wa aina ya pili naye tunaye, na jina la kazi yake ni neno lile lile. Wanuri Kahiu, Mkenya, alitoa mwaka 2009 filamu fupi ya dakika ishirini na kitu iitwayo Pumzi. Ni Afrika Mashariki baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji. Watu wamejifungia ndani, hata jasho linasafishwa likanywewa. Asha anapata udongo wenye uhai, anaotesha mbegu, anatorokea jangwani nayo, anaupa mche maji yake ya mwisho na kuufunika kwa mwili wake. Hakuna vichekesho hata kimoja humo, na mimi naiona ni ndugu wa damu wa kile kipindi cha peremende.

Haya, tafsiri. Mlezi alitupa dakika kumi na ubao. Katibu aliandika "Unaniacha bila pumzi", akazomewa. Hayo ni malalamiko ya mtu aliyebanwa kiti cha nyuma katika matatu ya Webuye. Mwingine: "Nahema kwa ajili yako." Hata mbwa huhema. Mwingine, kwa ujasiri mwingi: "Nimekata roho kwa ajili yako," akasahau kwamba kukata roho ni kufa, na peremende si tangazo la kifo. "Umenikata pumzi" nilikipenda kwa sekunde moja, kisha nikaona kwamba hilo ndilo kosa la chombo, wala si sifa ya Leela.

Tatizo liko kwenye viambishi. Kiingereza kile kinamruhusu Fry kusifu bila kueleza nani alimfanya nani nini. Kiswahili hakikuachi upite hivyo. Ukianza na u-ni-, wewe umenitenda, na Leela anakuwa mkosaji. Ukigeuza iwe ni-ku-, "Nimekupa pumzi yangu", ni kweli tupu, lakini huo ni ukweli wa kusimanga. Fry hakumwambia Leela alichofanya, basi peremende isimsemee.

Mimi niliandika "Pumzi yangu unayo". Herufi 15, inaenea kwenye peremende na nafasi inabaki. Hakuna kitenzi cha kutoa wala cha kunyang'anya. Kitu kiko kwako, basi. Upande wa Kitale ulipiga makofi, na nakiri nilianza kujiona mshairi. Ndipo yule msichana wa Kidato cha Pili akanyosha mkono.

"Lakini hata wale waliofungiwa hewa wangekiambia chombo maneno hayo hayo."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilisimama na chaki mkononi.

"Wangekiambia, au wangemwambia?" mlezi akauliza.

Kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imeshalia. Wa Kiminini walitoka mbio kuwahi matatu, nasi wengine tukabaki tukibishana hadi bawabu alipokuja na funguo.