Mwalimu wa Michezo Anapohama: Uongozi na Makabidhiano katika UMITASHUMTA

Makala haya yamekusudiwa kuwasaidia walimu wanafunzi kulitazama jambo ambalo vyuoni tunalipita haraka. Kanuni za mpira wa pete tunazifundisha kwa bidii, na upimaji wa uwanja wa riadha pia. Namna ya kuiacha kazi ya michezo mikononi mwa mwenzako hatuifundishi.

UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania, hujengwa kutoka chini: shule, kata, wilaya, mkoa, hatimaye taifa. Kila ngazi hutegemea walimu ambao wana vipindi vyao vya darasani vilevile. Katika Milima ya Uluguru, kuanzia Mgeta hadi Matombo, kazi hiyo ni ngumu zaidi. Ardhi tambarare ni haba na barabara huharibika wakati wa masika. Mwalimu kijana hufika, hukaa kitambo, kisha huomba uhamisho kwenda Morogoro mjini. Hatumlaumu, uhamisho ni haki yake akifuata utaratibu. Lakini kuna kuhama kwa namna ya pili kusikoandikiwa barua: mwalimu yupo shuleni, ila amejitoa katika michezo.

Tulipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya milimani, tulikuta nusu ya uwanja. Mwalimu wa kwanza alitaka wazazi wachimbe ubavu wa mlima ili patambarike. Alianza kwa kuzungumza na wazee, na alifanya vema. Huko habari za mwaka 1955 hazijasahauliwa, Waluguru walipokataa amri ya wakoloni ya kuchimba matuta na ghasia zikatokea Matombo. Wazazi walikubali, wakachimba, wakachanga. Kazi ilipofika nusu, mwalimu akahamishwa.

Aliyemfuata hakukuta hata ukurasa mmoja ulioandikwa. Alipoitisha michango mipya, wazazi waliuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Hakuwa ameiba hata senti, wala mwenzake hatuna sababu ya kumshuku; ila hakuwa na la kujibu. Majembe yakarudi nyumbani.

Wa tatu alikutana na jaribu lililo kubwa zaidi. Kiongozi mmoja alimwagiza aingize katika timu kijana aliyekwisha maliza darasa la saba, kwa kutumia jina la mwanafunzi mdogo. Mwalimu alikataa, akajiuzulu kazi ya michezo, na wenzake wawili wakamfuata. Kiongozi alilalamika kwamba walimu wa siku hizi hawapendi michezo. Kijana alicheza. Mtoto mwenye jina alisimama pembeni ya uwanja, akasikia jina lake likiitwa, na mtu mwingine akaitika.

Msidhani kosa la namna hiyo ni la vijijini tu. Baada ya Michezo ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, aliyekuwa waziri wa michezo wa Kenya alishtakiwa, na mwaka 2021 mahakama mjini Nairobi ikamtia hatiani kwa kutumia vibaya madaraka. Kosa lilihusu watu wasiostahili kuingizwa katika msafara wa timu. Orodha ni orodha, iwe ya kata au ya taifa.

Jambo hili lafundishwaje? Mhadhara hautoshi. Sisi tumejaribu njia ya igizo. Darasa huunda kamati ya kuandaa mashindano ya chuo, nayo hupewa daftari moja. Baada ya wiki mbili mkufunzi humwondoa mwenyekiti ghafla, bila ruhusa ya kusema neno, na mrithi huendesha kazi kwa kutegemea yaliyoandikwa tu. Mara ya kwanza mchezo ulichelewa kwa kuwa hakuna aliyejua pampu ya mipira ilikuwa kwa nani. Wanachuo walicheka sana, kisha wakaanza kuandika.

Katika daftari hilo yafaa majina ya wachezaji yanakiliwe kutoka rejesta ya uandikishaji, pamoja na namba na tarehe ya kuzaliwa. Fedha iliyoingia na iliyotoka ionekane, stakabadhi zikiwa zimebandikwa. Ahadi kwa wazazi nazo ziandikwe, maana hizo ndizo husahauliwa kwanza. Anayeondoka na anayepokea watie sahihi mbele ya mwalimu mkuu.

Na ukiamriwa kughushi? Omba amri hiyo kwa maandishi. Mara nyingi huishia hapo. Isipoishia, mpelekee habari mwalimu mkuu, au Afisa Elimu Kata ikiwa mwalimu mkuu ndiye aliyeamuru. Kumbuka kwamba sahihi iliyo chini ya orodha ni yako. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, hushughulikia nidhamu ya mwalimu, na neno ulilonong'onezwa koridoni halitaonekana katika karatasi yoyote.

Zoezi. Katika vikundi vya watu watano, andikeni ukurasa wa makabidhiano wa ule uwanja uliofika nusu, kana kwamba ninyi ndio mwalimu wa kwanza. Kisha mmoja wenu awe yule mtoto aliyesimama pembeni. Keshoye asubuhi anamuuliza mwalimu wake, mbele ya darasa, kama jana alicheza au hakucheza. Mjibuni.