Baiskeli ya Kulalia: Somo la Mwanafunzi Aliyechelewa

Nina miaka 24, na mpaka Septemba iliyopita sikuwa najua kuendesha baiskeli ya aina yoyote. Nyumbani kaka zangu walijifunzia Phoenix ya baba, mguu umepitishwa chini ya bomba kwa sababu hawakuifikia siti. Sisi wasichana tulikuwa tunateka maji. Halafu nilipoingia mwaka wa kwanza nikaanguka na bodaboda, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Kilipona, ila nikikiegemea kwa dakika kumi tu kinaanza kuuma. Kwa hiyo mwenzangu wa chumba aliponifundisha baiskeli ya kawaida nilidumu siku mbili. Uzito wote wa kifua unashuka mikononi, nani angeweza?

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa kuchomelea huku Tengeru. Aliwahi kuona msafiri akipita barabara ya Moshi amejilaza kwenye baiskeli, miguu mbele kama mtu aliye kwenye kochi, na tangu siku hiyo hakutulia. Akatengeneza ya kwake kwa vyuma chakavu: fremu ya Phoenix, tairi la mbele la baiskeli ya mtoto, gia za baiskeli ya mtumba, na cheni mbili na nusu zilizoungwa pamoja kwa kuwa pedeli ziko mbali mno na gurudumu la nyuma. Akaniambia, "Dada, hii mkono haubebi kitu. Unashika tu."

Msidhani ni kituko cha juzi. Tarehe 7 Julai 1933, kule Paris, Francis Faure aliendesha baiskeli ya namna hii iliyoundwa na Charles Mochet, akamaliza kilomita 45.055 kwa saa moja. Alivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1914, wakati yeye hakuwa bingwa wa daraja la kwanza. Siri ni upepo: aliyelala anaukata kirahisi kuliko aliyeketi wima. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaandika upya maana ya baiskeli, na ya kulalia ikatupwa nje ya mashindano. Kwa maoni yangu huo ulikuwa woga. Na ukiangalia vizuri, ndugu yake tunamwona hapa mjini kila siku: ile ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, ambayo watu wenye ulemavu wa miguu hupitia nayo sokoni. Hakuna anayewacheka. Mimi nilichekwa hadi na watoto wa chekechea.

Sasa somo lenyewe. Tulikwenda saa kumi na mbili asubuhi kwenye uwanja wa mpira wa shule ya jirani, Meru ukiwa bado haujavaa mawingu. Uwanja umeinama kidogo kuelekea kusini, kama kila kitu huku kwetu, na mwinamo huo ndio mwalimu wa kwanza. Siku ya kwanza usiguse pedeli kabisa. Keti, ning'iniza miguu karibu na ardhi, achia breki, iache ishuke yenyewe. Rudia hadi miguu isahau kugusa chini.

Nilianguka mara tisa siku ile, zote kwa kosa lilelile: nikiogopa, nainua mgongo kutoka kwenye kiti na kuvuta usukani kama nataka kuamka kitandani. Ukivuta, gurudumu linapinda, unakwenda chini. Kwenye baiskeli ya kawaida unaweza kujiokoa kwa kuhamisha kiwiliwili. Hapa mgongo umelala, kinachobaki ni usukani tu. Na kwa kuwa uko chini, baiskeli inainama haraka zaidi, hivyo masahihisho yawe madogo na ya upesi. Fundi alinifanya nishike usukani kwa vidole viwili viwili. Nilimwona kama ananitania, lakini ndipo iliponyooka.

Kuondoka ndiko kugumu kuliko vyote. Weka gia nyepesi, pedeli ya mguu wenye nguvu iwe juu, kanyaga mara moja kwa nguvu na mguu wa pili uupande papo hapo. Ukisitasita katikati umekwisha. Macho yaangalie mbali, kwenye goli la upande wa pili, si kwenye vidole vyako vya miguu ambavyo viko mbele yako vinakushawishi muda wote. Mimi ilinichukua asubuhi sita.

Mlimani usijidanganye. Huwezi kusimama juu ya pedeli, kwa hiyo kupanda kuelekea Ilboru ni gia ndogo, subira na jasho, huku wenye mkokoteni wakikupita na kukupa pole. Kushuka ni raha tupu, ila barabara kuu ni hatari: dereva wa lori hakuoni. Nimefunga kipande cha khanga nyekundu kwenye fito nyuma ya kiti, na jioni sitoki kabisa.

Kifundo hakijauma hata siku moja. Nyumbani bado hawajui. Juzi mama alipiga simu nikiwa nusu ya kilima, akauliza mbona nahema. Nikamwambia napanda ngazi za maktaba.