Mazoezi ya Majini kwa Miguu Iliyodhoofika

Mguu uliodhoofika kwa kiharusi, kwa polio au kwa kulazwa muda mrefu hushindwa kwanza kuubeba mwili, na ndiyo maana fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, huweza kumwingiza mgonjwa majini kabla ya kumtaka atembee nchi kavu. Maji humsukuma juu aliyezama ndani yake: yakimfika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu ya uzito wake, na yakimfika shingoni hubeba takriban sehemu moja tu ya kumi. Kina, basi, ndicho kipimo cha tiba, nacho hupunguzwa kadiri misuli inavyopata nguvu.

Maji hayo hayo huleta ukinzani, yaani nguvu inayopinga mwendo, ambao huongezeka takriban mara nne mwendo ukiongezeka mara mbili, hivyo mgonjwa hujipimia mwenyewe ugumu wa zoezi. Boya jepesi lililofungwa kwenye kifundo cha mguu humsaidia anayeuinua na kumpinga anayeushusha, jambo linalolifanya, licha ya bei yake ndogo, kuwa kifaa chenye manufaa mengi. Mashine ya kutembelea majini, ambayo ni mkanda unaozunguka ndani ya tangi, ina faida ya kumwezesha mtaalamu kubadili kina na mwendo, lakini ni ghali, na familia isiyoipata haijakosa tiba, kwa kuwa bwawa lenye maji ya kifuani, vyuma vya kushikilia na joto la nyuzi 33 hadi 36 hutosha kwa mazoezi mengi.

Matarajio nayo yawe na kiasi. Franklin Roosevelt, aliyeambiwa ana polio mwaka 1921 na baadaye akawa rais wa Marekani, alianza mwaka 1924 kwenda kwenye chemchemi za maji moto za Warm Springs, akajenga hapo kituo cha tiba, ila hakuweza tena kutembea bila msaada, kwani maji huimarisha misuli iliyobaki na hayafufui neva zilizokufa.

Mwenye kidonda kibichi, homa, kifafa kisichodhibitiwa au moyo ulioshindwa kazi asiingie majini bila idhini ya daktari. Maziwa na malambo yenye konokono wa kichocho hayafai kabisa. Mgonjwa asiachwe peke yake, na anapotoka, uzito wake humrudia ghafla, kwa hiyo msaidizi amngojee ukingoni akiwa na kiti.