Kutoka Njia ya Misafara hadi Uzi wa Kioo: Intaneti ya Kasi Katika Vijiji vya Tabora

Tarehe 7 Novemba 1857 wasafiri wawili wa Kiingereza, Richard Burton na John Speke, waliingia Kaze, makazi ya wafanyabiashara katika nchi ya Unyanyembe, karibu na ulipo mji wa Tabora. Mwendo wao kutoka pwani ulikuwa umechukua siku 134. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Leo ujumbe husafiri umbali huo kwa muda mfupi kuliko ule wa kupepesa jicho. Lakini jambo moja halijabadilika: njia mpya hufika mjini kwanza, na kijiji kilicho kando yake huweza kungoja miaka mingi. Makala haya yanaeleza jinsi intaneti ya kasi inavyofika Tabora, sababu za kuchelewa kwake vijijini, na sehemu ya halmashauri katika kazi hiyo.

Nuru ndani ya kioo

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, unapita Tabora. Ndani yake mna nyuzi za kioo, kila moja ikiwa nyembamba kama unywele. Uzi una kiini na ganda, vyote vya kioo, ila kioo cha kiini hupunguza mwendo wa nuru zaidi kidogo. Nuru inayoligonga ganda kwa kulalia sana haiwezi kutoka. Huakisiwa yote na kurudi ndani, na hivyo huendelea mbele hata uzi unapopinda kidogo. Leza huwaka na kuzimika mara mabilioni kwa sekunde, na mwako na mzimiko huo ndio lugha ya ujumbe.

Katika kioo nuru huenda karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Kama njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ina urefu wa kilometa 850, ujumbe utaimaliza kwa sehemu nne hivi za elfu za sekunde. Hata hivyo nuru hufifia: katika uzi bora hubaki nusu kila baada ya kilometa 15 hivi. Kwa hiyo vikuza ishara huwekwa njiani, kwa kawaida kila baada ya kilometa 80 hivi. Mwanasayansi Charles Kao alionyesha mwaka 1966 kwamba kioo kisicho na takataka kingeweza kupeleka nuru mbali. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam.

Hesabu ya kijiji

Kutoka penye mkongo, mawasiliano hufikishwa vijijini hasa kwa minara ya redio. Tuseme mnara mmoja unahudumia duara lenye nusu kipenyo cha kilometa 10. Eneo lake ni kilometa za mraba 314. Mkoa wa Tabora una kilometa za mraba 76,151, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,391,679. Wastani ni watu 45 kwa kilometa ya mraba. Duara hilo basi lina watu wapatao 14,000. Duara la ukubwa huo Dar es Salaam lingekuwa na zaidi ya watu milioni moja. Gharama ya mnara haipungui kwa sababu watu ni wachache. Pengine huongezeka, maana umeme uko mbali, na miti ya miombo hudhoofisha mawimbi. Hapo ndipo biashara peke yake inaposhindwa.

Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku kwa kampuni zinazokubali kujenga mahali pasipo na faida. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini.

Funzo la hongo

Zamani misafara ililipa hongo kwa watemi ambao ilipita katika nchi zao. Neno hilo leo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo, shanga na waya. Ushuru wa kadiri ulimfaa mtemi na mfanyabiashara. Ulipozidi, msafara ulitafuta njia nyingine. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo, katika ugomvi wake na Waarabu wa Tabora, aliifunga njia ya Ujiji, na Henry Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Mwenye ardhi ndiye mwenye ufunguo wa njia.

Ufunguo huo leo uko kwa sehemu mikononi mwa serikali za mitaa. Halmashauri haitoi leseni za mawasiliano wala masafa ya redio, lakini inaweza kufanya mambo manne. Kwanza, kutoa vibali vya ujenzi bila kuchelewa, na kutoza ada halali zinazojulikana mapema. Pili, kusaidia vijiji kutenga viwanja vya minara kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ili mgogoro usizuke baadaye. Tatu, kupatana na wajenzi wa barabara na mabomba ya maji ili mtaro uchimbwe mara moja tu. Nne, kuunganisha shule, zahanati na ofisi za kata, kwani taasisi hizo ni wateja wa kudumu wanaompa mjenzi uhakika wa mapato.

Ni kweli kwamba ada hizo hujenga madarasa na visima, na halmashauri maskini haiwezi kuzisamehe kwa urahisi. Lakini mnara usiojengwa haulipi chochote, na mwanafunzi wa Sikonge au Kaliua asiye na mtandao hufanya mtihani uleule anaofanya mwenzake wa mjini. Mnara nao hautoshi peke yake: shule huhitaji umeme, kompyuta, na mwalimu anayejua kuzitumia.

Mazoezi

1. Nuru hubaki sehemu gani baada ya kilometa 60 za uzi wa kioo?
2. Eleza kwa mchoro kwa nini nuru haitoki nje ya kiini.
3. Kadiria idadi ndogo kabisa ya minara ya kuenea Mkoa wa Tabora. Kwa nini idadi ya kweli itazidi hiyo?
4. Jadilini: halmashauri ipunguze ada ili kuvuta minara, au izitoze kikamilifu ili kujenga shule?