SAFARI YA YAI: JINSI KIFUKO KINAVYOKUA NA JINSI DAKTARI ANAVYOKIFUATILIA

Na Mwanachama, Kidato cha 3

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Katika bayolojia ya kidato cha tatu tunafundishwa uzazi, na "kifuko cha Graaf" hutajwa kwa dakika mbili tatu, kisha tunasonga mbele. Lakini huko nje kuna mama anayeitwa tasa na mawifi zake, anaambiwa afungashe virago arudi kwao, na hakuna aliyewahi kuangalia kama vifuko hivyo vinafanya kazi au la. Basi nimeona heri nilieleze jambo hili kwa Kiswahili, ili hata aliye nyumbani asomewe aelewe.

Kifuko ni nini?

Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa nyumba ya uzazi. Ndani yake mna vifuko vidogo sana, na kwa kawaida kila kifuko kimebeba yai moja. Daktari Mholanzi, Regnier de Graaf, alivieleza vifuko hivi mwaka 1672, ndiyo maana vikapewa jina lake. Yeye alidhani kifuko chenyewe ndicho yai. Ilipita miaka zaidi ya 150 hadi mwaka 1827, Karl Ernst von Baer alipoliona yai lenyewe ndani ya kifuko, akichunguza ovari ya mbwa.

Je, mayai hutengenezwa kila mwezi? La hasha! Msichana huzaliwa nayo. Mimba ikiwa ya wiki 20, mtoto wa kike aliye tumboni ana mayai kama milioni 6 au 7. Akizaliwa hubaki milioni 1 au 2. Akivunja ungo hubaki kama 300,000 au 400,000. Kati ya hayo yote, ni kama 400 tu yatakayopevuka na kutoka. Mengine hunyauka. Ghala hili haliongezwi, na ndiyo sababu umri una maana katika uzazi.

Kifuko hukuaje?

Kifuko kichanga hakionekani kwa macho. Hukua polepole kwa miezi kadhaa mpaka kinapata maji ndani yake. Sasa hesabu siku ya kwanza ya hedhi kuwa siku ya 1. Wakati huo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni iitwayo FSH, ambayo kwa vifuko ni kama mbolea. Vifuko kadhaa huanza kukua pamoja. Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja! Kimoja kikifika kama milimita 10 huvipita vingine. Hutoa estrojeni nyingi, nayo huiambia pituitari ipunguze FSH. Vifuko vingine vikikosa mbolea hunyauka, ila hicho kikubwa huweza kuishi kwa kidogo kilichopo.

Kuanzia hapo hukua milimita 1 hadi 2 kwa siku. Kinapokaribia milimita 20 hivi, pituitari humwaga homoni ya LH kwa ghafla. Baada ya saa 36 hivi kifuko hupasuka, yai likatoka na kudakwa na mrija wa uzazi. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Mabaki ya kifuko nayo hayatupwi. Hugeuka kuwa tezi ya manjano itoayo projesteroni, ikaitayarisha nyumba ya uzazi kwa siku 14 hivi. Mimba isipotunga, tezi hiyo hunyauka na hedhi huja.

Wengi husema ati kila mwanamke hupevusha yai siku ya 14. Hiyo ni kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye siku 35 hupevusha karibu na siku ya 21.

Daktari hufuatiliaje?

Daktari hutumia skani ya mawimbi ya sauti, kama ile ya kumwangalia mtoto tumboni. Haina miale ya eksirei. Kwa kuwa kifuko kina maji, huonekana kama duara jeusi. Siku ya 2 au 3 huhesabiwa vifuko vidogo, ili kujua ghala likoje. Kisha mama hurudi kila baada ya siku chache. Mathalani, siku ya 10 kifuko kina milimita 13, siku ya 12 kina 16, siku ya 14 kina 19. Hapo daktari hujua wakati umewadia. Hupima pia unene wa ukuta wa nyumba ya uzazi, na pengine homoni katika damu.

Asiyepevusha yai huweza kupewa vidonge kama klomifeni au letrozoli. Lakini dawa huweza kukuza vifuko vingi kwa pamoja, na hatari yake ni mimba ya watoto wengi, au tumbo kujaa maji na damu kuganda. Ndiyo maana skani ni muhimu: daktari akiona vimezidi, husimamisha matibabu kwanza.

Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa mimba nje ya mwili, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Alitokana na yai moja tu, lililopatikana baada ya madaktari kupima mkojo wa mamake wakingojea LH ipande. Kwetu Kenya watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa mwaka 2006.

Funzo

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na shida ya kupata mtoto maishani mwake. Kifuko chaweza kukua vizuri sana, lakini mirija ikiwa imeziba kwa maradhi, au mbegu za mume zikiwa chache, mimba haitungi. Kwa hivyo mke na mume wapimwe wote wawili. Kumlaumu mke peke yake ni dhuluma, tena ni ujinga.

Jipime
1. Kwa nini kifuko kimoja hukua na vingine hunyauka?
2. Mwenye mzunguko wa siku 30 hupevusha yai karibu na siku gani?
3. Kwa nini skani pekee haitoshi kujua sababu ya kukosa mtoto?