Nyumba ya Baba Mdogo

*Mimi ni mwalimu wa sekondari Kibondo, bado ninapanga. Nina akiba ya milioni 8, ya kikoba na maharage. Baba mdogo wa mume wangu anatuuzia nyumba yake hapa mjini kwa milioni 20. Imepangwa na shirika linalohudumia wakimbizi, kwa 400,000 kwa mwezi. Mume wangu anataka nikope milioni 12 kwa mshahara wangu. Makato ni 285,000 kwa miezi 60. Mwalimu mwenzangu naye anauza kiwanja Kasulu mjini, na moyo wangu uko huko. Nikikataa nyumba ya mkwe nitaonekana nawadharau. Usingizi sina. Mwalimu, Kibondo.*

Pole, Mwalimu. Tuanze na hesabu, maana yenyewe haina ukwe.

Shirika likilipa pango hukata kodi ya zuio, asilimia 10, na kuipeleka TRA. Laki nne itakufikia ikiwa 360,000. Toa makato, unabaki na 75,000. Hapo bati halijavuja na choo hakijajaa. Tena huo ni mwezi ambao nyumba ina mtu. Ikikaa tupu, mshahara wako ndio unaolipa.

Je, itakaa tupu? Wewe uko Kibondo, habari za kambi za wakimbizi unazijua kunizidi. Nduta iliwahi kufungwa, ikafunguliwa tena Oktoba 2015 Warundi walipomiminika. Mtabila ya Kasulu ilifungwa 2012, Mtendeli ya Kakonko 2021. Warundi wanarejeshwa kwao tangu 2017, na misaada ya Marekani ilipokatwa 2025 mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi. Waliojenga kwa ajili ya wageni wa magari meupe walifaidi, wala siwaonei wivu, ila waliofaidi ni walioingia mapema. Baba mdogo ni mmoja wao. Sasa kwa nini anauza nyumba inayomwingizia laki nne? Huenda ana mgonjwa, huenda ni ada za watoto. Muulizeni kwa adabu, na muombe kuuona mkataba wa upangaji: unaisha lini, na shirika likitaka kuhama linatoa notisi ya muda gani.

Kisha uliza palepale stafurumu. Wenzako wanalipa pango kiasi gani? Na nesi wa hospitali ya wilaya, askari, mwenye duka? Hao ndio watakaobaki mashirika yakiondoka. Kama hakuna hata mmoja anayefika laki mbili kwa nyumba nzima, milioni 20 ni bei ya mpangaji, si bei ya nyumba.

Kasulu nako kuna Nyarugusu, tangu 1996, kwa hiyo usidhani kambi umeikwepa. Ila mji ule una watu wake: chuo cha ualimu, hospitali ya Kabanga na wanafunzi wake wa uuguzi, wafanyabiashara wa mazao. Mimi ningekwenda huko, na ningejenga kidogo. Nyumba mbili za chumba na sebule, zilizoshikana, choo ndani, basi. Wengi huanza na jumba la vyumba vinne, hela ikaishia kwenye lenta, boma likaota nyasi. Tofali za kuchoma nunua kiangazi, wakati njia za mtaani ni kavu. Ukilazimika kukopa, mkopo uwe wa kupaua tu.

Lakini mwenzako ana nini mkononi? Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa si hati. Chukua namba ya kitalu na ya kiwanja, ufanye upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa, Kigoma, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Ikibainika ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria Namba 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Hati iandikwe jina lako au majina yenu wawili. Isiwe jina la mumeo peke yake eti kwa sababu ndiye anayesafiri kusimamia mafundi.

Kumkatalia mkwe si kazi yako. Mumeo ndiye mtoto wao. Aende yeye, afuatane na mtu mzima wa ukoo, ile hesabu ya 75,000 ikiwa kwenye karatasi, aseme: "Baba, uwezo wetu haujafika." Huo si uongo. Mzee akishusha bei hadi mahali mnapoweza bila mkopo huo, kaeni mzungumze upya, na nyumba yake ifanyiwe upekuzi uleule mngeufanya kwa muuzaji msiyemjua. Mama mdogo naye asaini: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, na hii huenda ikahesabika hivyo.